Nishikie Kiti

Treni ya chumvi iliyotoka Uvinza iliuliza kama ipite, na Mihayo Kasubi akapuliza chai yake kwanza.

Ghorofa ya juu mtu aliruhusiwa kupuliza chai. Swali lilikuwa limeandikwa katikati ya skrini kwa herufi kubwa, NIPITE?, na nyuma yake hakukuonekana kitu ila giza la kahawia lililokuwa likitikisika. Kamera ya mbele ilikuwa imezibwa. Mtambo haukujua imezibwa na nini, na usipojua husimama. Mihayo akavuta picha kutoka behewa la pili, akaitazama vizuri, akacheka. Nyuki. Kundi zima lilikuwa limehama mzinga huko Urambo na kuona pua ya treni inafaa kwa makazi.

Alimpigia mkuu wa stesheni ndogo ya jirani, wakataniana kidogo kuhusu abiria wasiokata tiketi, kisha akaiamuru treni irudi nyuma taratibu, isimame, iende tena, mpaka upepo uwashawishi wale wageni watafute pengine. Kazi hiyo ilimchukua muda wote wa kikombe cha chai na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alijisikia mtu mwenye akili zake.

Treni za reli ya kati zilikuwa zimeacha kuendeshwa na watu tangu Mihayo akiwa shuleni. Kompyuta ziliziendesha, tena vizuri, bila usingizi na bila pombe. Kitu kimoja tu kilizishinda, nacho ni shaka. Treni ikiona jambo isilolielewa iliuliza, na swali lilifika Tabora, kwenye Kituo cha Maswali, kwa mtu aliyekaa kitini na mkanda kichwani. Mkanda uliungwa na kiti kwa waya. Kazi yake ilikuwa kupima utulivu: je, aliyejibu alikuwa akiangalia kweli, au mawazo yake yalikuwa kwenye mchuzi wa nyumbani? Jibu likienda kwa treni, kipimo kilienda kwa Mgawaji.

Mgawaji ndiyo kompyuta iliyogawa kazi. Misimu kadhaa ya mvua ilikaa kimya, ikijifunza kila kiti kinavyojibu na kila mkanda unavyotulia, kisha siku moja ikagawa. Viti vilivyotulia vikapanda juu, kwenye Uamuzi. Viti vilivyohangaika vikashuka chini, kwenye Uthibitisho. Mgawaji haikuambiwa nani mwanamume na nani mwanamke, wala isingejua la kufanya na habari hiyo. Lakini vumbi lilipotulia, juu walikuwa wanaume na chini walikuwa wanawake, ukiacha mmoja mmoja aliyepotea njia.

Kompyuta zilikuwa zilezile, za kiwanda kimoja. Juu, kompyuta ilimngoja Mihayo amalize chai. Chini, maswali yalikuwa yameshajibiwa na Mgawaji yenyewe, na kwa kuwa sheria ilitaka jicho la binadamu, wanawake walikaa wakibonyeza NDIYO. Kila swali lilipita kwenye safu nzima ya viti, wote wakabonyeza, likaja jingine kabla vidole havijapoa. Kwenda msalani kuliombwa kwa kitufe. Mtu akivua mkanda bila ruhusa, safu yote ilisimama mpaka auvae tena, na kosa liliandikwa kwa aliyevua wa kwanza, si kwa mwingine. Makosa yakimjaa, alirudi kwao.

Mihayo alikuwa bado anawachekea nyuki wake Bwana Sizya alipoingia. Mkuu wa kituo alikuwa mtu mnene aliyetembea kwa kunyata, utadhani anaogopa kuiumiza sakafu, na siku hiyo uso wake uling'aa. Akamwekea Mihayo mkono begani. Alisema Mhandisi Edina anafika kesho kutoka Dodoma. Shirika limeamua kuchukua ruwaza ya kiti kimoja, namna kinavyotazama na namna kinavyoamua, na kuipandikiza kwenye vituo vyote vya nchi, ili Mgawaji za huko ziwapime watu wao kwa kipimo hicho. Na kiti chenyewe kimeshapatikana.

"Kiti cha Mihayo," alisema Bwana Sizya. "Hivyo ndivyo kitakavyoitwa. Kwa ajili ya siku ile ya Malagarasi."

Kilichobaki ni uhakiki mdogo. Atakaa, atavaa mkanda, watamrudishia picha za siku ile, naye atajibu kama alivyojibu. Mkanda ukionyesha ni yuleyule, basi, kazi imekwisha.

Mihayo alisema vizuri, mkuu. Alisema asante. Kijasho chembamba kilikuwa kimeanza kumtoka chini ya mkanda, na alitumaini kwamba kitu hicho hakipimi jasho.

*

Siku ya Malagarasi, Mihayo Kasubi alikuwa nje chini ya tangi la maji, akibishana kuhusu penalti.

Wakati huo kituo kilikuwa bado ukumbi mmoja, wanaume na wanawake bega kwa bega, na kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeianzisha. Mtu akitaka kutoka, alimwambia jirani yake: nishikie kiti. Jirani alivaa mkanda wa pili juu ya wa kwake, akanyoosha mkono, akajibu maswali ya viti viwili: ya mwenzake kwanza, kwa makini, kisha ya kwake kwa haraka. Uungwana tu. Mtu anataka kuswali, mtu anataka kuvuta sigara, mtu mechi inaendelea na redio iko nje. Wanaume waliomba na wanawake walishika. Wanawake nao waliomba mara mojamoja, wakaambiwa sasa hivi, dada, namalizia hapa, mpaka wakaacha kuomba. Tusimwonee Mihayo: naye aliwahi kumshikia mwenzake kiti. Habari hiyo aliisimulia wiki nzima.

Jirani yake alikuwa Nyamizi, mwanamke wa makamo kutoka Nzega, mpole wa sauti lakini si mpole wa macho. Alasiri ile alimshikia kiti huku akiwa na treni zake mwenyewe, na maswali mawili yakaja kwa mpigo. Kwenye kiti cha Mihayo, treni yenye mabehewa ya abiria ilifika daraja la Malagarasi na kuona maji yamegusa vyuma. Vipimo vyote vilisema daraja ni zima. Iliuliza kama ipite. Kwenye kiti cha Nyamizi, treni ya mizigo upande wa Bukene iliona vitu vyeupe relini, nayo ikauliza.

Nyamizi aliyatazama yale maji. Aliyatazama muda mrefu, na akajibu SIMAMA. Alipogeuka kwenye kiti chake alikuta amechelewa. Siku hizo treni isiyojibiwa haikungoja, ilipita polepole, na ile ya mizigo ilikuwa imeshapita, na vile vitu vyeupe vilikuwa ng'ombe wa mfugaji mmoja. Punde nguzo ya kati ya daraja ikaondoka na maji. Abiria waliteremka wakasimama kwenye tuta la reli, wengine wanalia, wengine wanaimba mapambio.

Mihayo aliingia mbio aliposikia kelele. Nyamizi alivua mkanda wa pili akampa, ungali na joto la kichwa chake, akamwambia treni yako iko salama. Kisha watu wakajaa. Bwana Sizya alimkumbatia. Kamera za habari zikafika, na mtu akamwuliza alijisikiaje wakati ule.

Alifungua kinywa aseme. Hilo alijihakikishia mara nyingi baadaye, kwamba alifungua kinywa ili aseme. Nyamizi alikuwa amesimama pale karibu na mlango, akimtazama, akingoja. Mihayo akasema, "Tumshukuru Mungu."

Haikuwa uongo, na hapo ndipo aibu yake ilipolala. Angedanganya waziwazi, labda uongo ungemkaba akautema. Badala yake alitafuta sentensi iliyo kweli akajificha ndani yake kama mtu aliyejifunika shuka la mwenzake. Akavikwa kilemba cha ukoka mbele ya nchi nzima, naye akainamisha kichwa ili wakifunge vizuri. Nyamizi aliandikiwa kosa la ng'ombe.

Mgawaji ilipogawa, ilikuwa imeona kitu kimoja kwa usahihi kabisa: kwamba mikanda ya wanawake ilihangaika kila siku, na mikanda ya wanaume ilitulia, hasa saa za mechi.

*

Mchana wa siku ile ya nyuki Mihayo alishuka ngazi kwenda Uthibitisho. Alikuwa amejiambia anakwenda kuomba radhi. Alikuwa ameyapanga maneno tangu juu, na kila ngazi moja lilimdondoka.

Chumba cha chini hakikuwa na madirisha, kwa sababu Mgawaji ilishagundua kwamba madirisha yanavuta macho. Wanawake walikaa kwa safu na kilichosikika ni vidole tu. Nyamizi alikuwa kwenye kiti cha mwisho cha safu ya nyuma. Pembeni yake kulikuwa na mama kijana aitwaye Sikudhani, aliyejifungua majuzi tu. Mdogo wake alimleta mtoto kila mchana kwenye kibanda cha mlinzi anyonyeshwe. Mihayo alimwona Sikudhani akigeuza shingo kidogo, bila neno. Nyamizi akachukua mkanda wa binti yule, akauvaa juu ya wa kwake, akanyoosha mkono wa kushoto. Sikudhani akateleza nje akiwa ameinama. Vidole vya Nyamizi vikaendelea kubonyeza, huku na huku.

Basi walikuwa bado wanashikiana. Tena safu nzima, aligundua alipotazama vizuri: yule anamshikia huyu anayeumwa mgongo, huyu anamshikia yule aliyeinama kwenye simu kumwuliza mtoto kama dawa amekunywa. Hakuna aliyesema nishikie. Huku chini desturi ilikuwa imepoteza sauti yake, imebaki macho.

Alivuta kiti akakaa nyuma ya Nyamizi. Alimweleza kuhusu Mhandisi Edina, kuhusu uhakiki, kuhusu ruwaza. Alipofika mahali pa kuomba radhi, kinywa kikasema kitu kingine.

"Dada Nyamizi, siku ile uliona nini kwenye yale maji?"

Vidole havikusimama. "Kwa nini unauliza?"

"Nataka tu kujua. Kama kesho wakiniuliza."

Nyamizi alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza tena. Hakugeuka.

"Kaka Mihayo," alisema, "umekuja kuniomba nikushikie kiti."

Mihayo alitamani sakafu ipasuke immeze, pamoja na viatu vyake vizuri. Alikaa tu, mtu mzima mwenye mke na watoto, mikono katikati ya magoti.

Nyamizi alizungumza polepole, akiyapenyeza maneno kati ya swali na swali. Alisema hana haja ya kuombwa radhi leo, radhi haitampandisha mtu ngazi. Anachotaka ni kidogo. Kesho Mihayo aende, akae, atazame maji kwa macho yake mwenyewe na ajibu anachokiona. Atashindwa. Ruwaza ikishindwa itatupwa, na watu watapimwa upya.

"Shindwa tu. Si vigumu," alisema. "Lakini hili la kushikiana usiliguse. Usinitaje mimi, usitaje mtu. Unawaona hawa? Huyu binti wangemfukuza mwezi uliopita. Hiki ndicho tulichobakiwa nacho humu ndani, na hakuna anayejua isipokuwa sisi. Sasa na wewe."

Mihayo akaapa. Aliapa kwa jina la mama yake. Sikudhani alirudi akiwa anafunga vifungo vya blauzi, akamkuta mwanamume wa juu amekaa karibu na kiti chake, na uso ukamkauka. Nyamizi akamwambia asiogope, huyu anaondoka.

*

Mhandisi Edina alikuwa mdogo kuliko Mihayo alivyotarajia, mwenye miwani na sauti ya mtu aliyezoea kueleweka. Alimpongeza Mihayo kwa dhati. Alisema miaka yake yote ya masomo alikuwa akitafuta kiti kama kile: kimetulia mchana kutwa, kinajibu maswali magumu, hakiyumbi. Bwana Sizya alisimama pembeni akitikisa kichwa kama baba wa bwana harusi.

Wakamvika mkanda. Skrini ikawaka, na Malagarasi ukamjia, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, maji yakipiga vyuma vya daraja. NIPITE?

Mihayo aliyatazama. Alikuwa ameahidi kutazama kwa macho yake na hakuhitaji kuigiza chochote. Aliyatazama kama mtu anayetafuta sura aijuayo kwenye umati, akitamani sana, licha ya ahadi yake, akione kile alichokiona Nyamizi. Hakukiona. Aliona maji. Vipimo vilisema daraja ni zima, na kwa kadiri alivyoelewa, daraja lilikuwa zima. Akajibu PITA POLEPOLE.

Mkanda wake ulikuwa umetulia kabisa. Kwenye skrini treni ya mfano ikasogea, ikafika katikati, na nguzo ikaondoka nayo.

Bwana Sizya alikohoa. Mihayo alikuwa akiwaza wale waimba mapambio kwenye tuta, na kwamba kama angekuwa mtu mwaminifu kwenye kiti chake siku ile, asiyetoka, asiyependa mpira, wote wangekuwa mtoni. Wazo hilo lilikuwa jipya na lilimtia baridi.

Kisha Mhandisi Edina akatabasamu.

Alisema hilo ni jambo la kawaida. Mtu aliyepitia tukio kubwa, mwili hukumbuka hofu, na hofu huvuruga jibu. Ataandika kwamba mhusika alichoka. Kiti kina rekodi ya misimu mizima na jaribio moja la asubuhi haliwezi kuifuta. Ruwaza itakwenda kama ilivyopangwa. Alikuwa ameshaanza kuzima skrini.

Mihayo alimwuliza, na sauti yake ilitoka nyembamba, "Mhandisi, kama angekuwa mtu wa chini aliyeshindwa hivi?"

"Basi tungejua kwa nini yuko chini," alisema Mhandisi Edina. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa.

Kushindwa kulikuwa kumeshindikana. Nyamizi hakuwa amelifikiria hilo, wala yeye. Kosa la mwanamke lilikuwa ushahidi na kosa lake lilikuwa uchovu, na akinyamaza sasa, kila kituo nchini kitawapima watu kwa kiti ambacho hakuna mtu mmoja aliyewahi kukikalia peke yake. Watashuka ngazi wanawake wa Mwanza, wa Tanga, wa Mbeya, wasijue hata kilichowashusha. Na akisema, amevunja kiapo cha jana. Alivua mkanda, akaukunja vizuri, akauweka mezani.

"Siku ile sikuwa mimi," alisema. "Kiti kilikuwa changu. Aliyekaa ni Nyamizi."

Akaeleza yote: tangi la maji, penalti, mikanda miwili kichwa kimoja, desturi ya ukumbi mzima. Bwana Sizya alitafuta pa kukaa. Mhandisi Edina alivua miwani, na kwa muda alionekana kama mtoto aliyeambiwa sikukuu imeahirishwa, kwa maana mwanamke huyu alikuwa amejenga kitu kizuri juu ya udongo wa watu wengine. Hata hivyo alisikiliza. Na Mihayo alivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kuwa mwepesi, kama mtu aliyetapika chakula kibovu. Hatimaye, alijiambia. Ukweli ulikuwa mtamu mdomoni na hakutaka uishe.

"Na sasa hivi?" aliuliza Mhandisi Edina. "Huko chini bado wanashikiana?"

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema desturi ilikufa ukumbi ulipogawanywa. Aliyokwisha kuyasema yalitosha kuiangusha ruwaza. Hakuna aliyedai zaidi ya hapo. Uso wa Sikudhani ulipita mbele yake, uliokauka.

"Ndiyo," alisema Mihayo.

Hata kabla hajafunga kinywa alijua kwamba neno lile hakumsemea Nyamizi wala wanawake wa Tanga. Alijisemea mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameonja kuwa mtu safi na hakutaka kukiweka kikombe chini. Wepesi wote ukamwondoka, na aibu aliyokuwa akiijua ikaonekana ndogo mbele ya hii mpya.

*

Ruwaza ilitupwa. Shirika lilitoa taarifa fupi isiyomtaja mtu. Watu wote wangepimwa upya baada ya masika, kila mmoja kwa kichwa chake, na mpaka wakati huo kila mtu abaki alipo. Ila mikanda isingengoja masika. Ililetwa mipya, inayomtambua mwenyewe kwa mapigo ya damu kwenye paji la uso, na ikivaliwa na mwingine inakataa na kupiga kelele.

Mihayo hakubaki alipo. Bwana Sizya, ambaye hakumtazama tena machoni, alimshusha chini, na Mgawaji ikampa kiti kilichokuwa wazi, mbele ya Nyamizi, kwenye safu ileile ya nyuma, ambayo viti vyake vilipangwa kwa mistari miwili.

Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angeshukuru. Walimsalimia asubuhi, wakajibu alipouliza, na hakuna aliyemwambia neno zaidi ya lile lililohitajika. Siku ya kwanza alimwendea Nyamizi mlangoni na kuanza kusema kwamba ilibidi, kwamba mhandisi alikuwa anaipeleka ruwaza hivyohivyo. Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho.

"La kwanza ilibidi," alisema. "La pili je?"

Akapita. Mihayo alibaki na mkono kwenye kitasa, na wanawake wengine wakangoja kwa adabu asogee.

Alijifunza kazi ya chini. Alijifunza kwamba NDIYO ikibonyezwa mchana kutwa huacha kuwa neno. Alijifunza kuipanga kiu yake, na kwamba shingo huanza kuuma upande wa kulia. Swali likija, macho yake yalilisoma kwanza kwa mazoea ya juu, yakitafuta nyuki, yakitafuta kitu cha kuamua, na mkanda ukambana kwa kuchelewesha safu. Baada ya siku chache macho yaliacha kutafuta. Hilo lilimtisha kuliko yote, namna lilivyokuwa jambo jepesi.

Mchana mmoja alimsikia Sikudhani nyuma yake akibonyeza kitufe cha ruhusa. Mgawaji ilijibu asubiri. Akabonyeza tena baadaye, ikajibu asubiri, maswali ni mengi, mvua zimeanza. Kwenye kioo cha skrini yake Mihayo aliweza kuuona mstari wa nyuma yake: mama yule alikuwa ameinamia meza, mbele ya blauzi yake pamelowa, na huko nje, kwenye kibanda cha mlinzi, mtoto alikuwa akilia kwa sauti iliyopenya hadi ndani. Aliuona mkono wa kushoto wa Nyamizi ukiinuka wenyewe kwa mazoea, ukienda kwenye mkanda wa Sikudhani. Mkono ukafika nusu ya njia, ukakumbuka, ukarudi mezani.

Mihayo alibonyeza NDIYO, kisha akabonyeza nyingine. Mtoto alikuwa bado analia.

Akavua mkanda.

Safu yote ilisimama. Skrini zikatulia kwa rangi ya kijivu, moja baada ya nyingine mpaka ukutani, na taa nyekundu ikawaka juu ya kiti chake peke yake. Kosa. Kompyuta ikamtaka auvae. Aliushika mkononi, ukiwa bado na joto, akauweka juu ya meza na kukunja mikono. Hakujua makosa mangapi yangetosha kumrudisha kwao, na aligundua kwamba hataki kuuliza. Juu ya vichwa vyao nyayo za kunyata zilikuwa zimeanza kusogea kuelekea ngazi.

Sikudhani alikuwa wa kwanza kuelewa. Alitoka mbio, viatu mkononi. Wengine walikaa kidogo, wakitazamana, kisha mmoja akasimama akajinyoosha mgongo, na mwingine akatoa simu kumwuliza mtoto kuhusu dawa, na mwingine akaenda msalani bila kumwomba mtu. Hakuna aliyemshukuru. Mihayo alitazama mbele yake, kwenye skrini ya kijivu, kwa sababu hakuwa na uso wa kuwatazamia.

Nyamizi alisimama wa mwisho. Alipita pembeni yake taratibu, akisugua bega, na alipofika usawa wa kiti chake akasimama bila kumgeukia.

"Usiuvae mpaka nirudi," alisema.